Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Juisi kwa Matunda na Mboga za Majani

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja. Watu wanataka kunywa juisi ya majani nyumbani, si ya matunda peke yake, na wakifika dukani wanakutana na mashine wasizoweza kuzitofautisha. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Wati 800 au wati 200?

*Habari za kazi. Kila asubuhi nataka juisi ya mchicha au sukuma wiki, tango, karoti na tangawizi, na Jumapili juisi ya machungwa kwa watoto. Kariakoo nimeonyeshwa mashine mbili. Moja ni ya wati 800 na bei yake ni nafuu. Nyingine ni ya wati 200 tu, lakini bei yake karibu mara tatu. Muuzaji ananiambia nichukue ya wati 800 kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Ni kweli? Na hiyo ndogo, kwa kuwa inachelewa, si itanimalizia umeme? — Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam*

Mama, wati hazikuambii mashine ipi itakamua mchicha. Zinakuambia mota inakula umeme kiasi gani, basi. Kinachozitenganisha hizo mbili ni namna zinavyotoa maji kwenye chakula.

Ya wati 800, kwa jinsi ulivyoieleza, ni ile ya kasi. Ndani mna sahani ya chuma yenye vijino vidogo, na kuizunguka kuna kikapu cha wavu mwembamba. Vyote huzunguka pamoja, mara 6,000 hadi 14,000 kwa dakika. Karoti ikigusa vijino inaparuzwa papo hapo, chengachenga zinarushwa kwenye wavu, maji yanapenya, makapi yanaangukia kwenye ndoo ya nyuma. Kwa karoti, tufaha, tango na nanasi inafanya kazi nzuri, na glasi inajaa kwa dakika moja au mbili. Jani la mchicha ni jepesi na laini, vijino havipati pa kulishika. Linachanwa vipande viwili vitatu, linarushwa ukutani, linatoka na maji yake ndani. Fungua ndoo ya makapi baada ya kutia fungu la mchicha na utayakuta majani humo, bado ya kijani na yamelowa.

Ya wati 200 inakamua polepole. Ina skrubu nene ya plastiki ngumu inayozunguka mara 40 hadi 100 tu kwa dakika, ikilivuta jani ndani, ikilisaga na kulibana kwenye chujio, huku nafasi ikizidi kuwa nyembamba hadi makapi yatoke upande wa pili yamekauka. Mota yake inapitia kwenye gia: kasi inapungua, msukumo unaongezeka, kama lori linalopanda mlima wa Kitonga kwa gia ya kwanza. Ndiyo maana wati 200 zinatosha, na ndiyo maana kuzilinganisha na zile 800 hakukusaidii.

Kuhusu umeme, piga hesabu. Wati 200 kwa robo saa ni yuniti 0.05. Wati 800 kwa dakika tano ni yuniti 0.07 hivi. Hakuna hata moja inayofika sehemu ya kumi ya yuniti moja ya LUKU, kwa hiyo umeme usiutie kwenye uamuzi wako.

Utasikia pia kwamba mashine ya kasi inaua vitamini kwa moto. Hilo limetiwa chumvi. Juisi inapita humo kwa sekunde chache na haipati moto wa maana. Ubaya wake halisi ni miwili: inaingiza hewa nyingi, kwa hiyo juisi ina povu na inajitenga na kubadilika rangi mapema, na kwenye majani inakupa juisi kidogo kuliko ulichonunua.

Kwa matumizi yako ya kila siku tungechukua ya polepole, mradi fedha ipo. Kama haipo, usinunue ya kasi ukidhani itakamua mchicha kidogokidogo. Soma jibu letu kwa msomaji wa Iringa hapo chini. Na machungwa ya Jumapili hayahitaji mashine yoyote kati ya hizo. Kikamulio cha mkono chenye mpini kinayamaliza, na kukiosha ni kukisuuza tu.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akufungulie boksi na uangalie haya. Mdomo wa kutilia una upana gani? Mashine za zamani zina mdomo wa sentimita 4 hivi na utakata kila kitu vipande vyembamba. Nyingi za sasa zina sentimita 7 au 8. Chujio lina vitundu vidogo vya wavu wa chuma au ni la mipasuo mirefu isiyo na wavu? La mipasuo linaoshwa kwa dakika moja, la wavu linahitaji brashi na subira. Kuna swichi ya kurudisha nyuma? Bila hiyo, siku majani yakikwama itakubidi ufungue mashine nzima. Kisha geuza kitako usome kibandiko. Ukiona maneno kama «KB 15 min», maana yake mota isizungushwe zaidi ya dakika 15 mfululizo kabla ya kupumzishwa. Nyingine zimeandikwa dakika 10, na za kasi mara nyingi ni pungufu ya hapo.

Swali la mwisho dukani ndilo watu wanalolisahau: «Chujio la spea mnalo? Na skrubu, na raba zake?» Mota ya mashine hizi haifi haraka. Kinachokufa ni chujio kupasuka au raba kulegea, na mashine nzima inaishia juu ya kabati kwa kukosa kipande kidogo. Jina linalouzwa na spea mjini kwako ni bora kuliko jina kubwa lisilo na spea.

Neno moja zaidi kuhusu umbo. Za kusimama wima, kama nyingi za Hurom na Kuvings kutoka Korea, zinachukua nafasi ndogo na chakula kinashuka chenyewe. Za kulala, zenye skrubu ndefu ya mlalo kama zile za Omega, unasukuma kwa mkono, lakini kwenye majani matupu ni hodari zaidi na hazikwami ovyo. Anayekunywa majani zaidi ya matunda aitazame hiyo ya kulala kwanza.

Sukuma wiki inajifunga kwenye skrubu

*Salamu kutoka Nairobi. Nina mashine ya polepole, ya wima. Karoti inasaga vizuri. Nikiweka sukuma na figili, inatoa sauti ya kukoroma, inasimama, na mfuniko haufunguki. Halafu makapi yanatoka yakiwa maji maji. Nimeuziwa mashine mbovu? — Msomaji, Kasarani*

Ndugu, inaelekea mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye kisu chako na kwenye mpangilio wa kutia.

Figili (celery) ina nyuzi zinazokwenda na urefu wa shina. Ukiitia ndefu, nyuzi hazikatwi. Zinajizungusha kwenye shingo ya skrubu kama uzi kwenye kibiringo, mpaka njia ya makapi inaziba. Makapi yakikosa pa kutokea, mgandamizo unapanda, juisi inarudi juu, na hayo maji maji unayoyaona ni juisi yako inayotokea mlango usio wake. Shina la sukuma wiki nalo ni hivyohivyo. Kata figili na mashina vipande vya sentimita 2 hadi 3, ukikata kukingama na nyuzi. Majani ya sukuma yakate mapana kiasi cha vidole vitatu, uyafinyange viganjani yawe kama mpira mdogo.

Sasa mpangilio. Washa mashine ikiwa tupu. Anza na kipande cha tango ili chujio lilowe. Tia kimpira kimoja cha majani, subiri kimezwe, fuatisha kipande cha karoti au tufaha kinachosukuma mabaki ya majani mbele yake. Majani, karoti, majani, karoti, hivyo hadi mwisho. Usiujaze mdomo na kuegemea kisukumio kwa uzito wa mwili. Malizia na karoti au tango, kisha iache izunguke sekunde 30 zaidi hadi makapi yaache kutoka ndipo uzime. Wengi huzima mara kipande cha mwisho kikimezwa, na ndiyo sababu mfuniko unakataa kufunguka: ndani bado kumebanwa.

Ikikwama, zima kabisa na usubiri isimame. Bonyeza swichi ya kurudisha nyuma kwa sekunde 3 hadi 5, achia, rudia mara mbili tatu, kisha jaribu mbele. Mfuniko ukigoma, mimina nusu glasi ya maji mdomoni na uzungushe nyuma tena. Usiuzungushe mfuniko kwa bisibisi wala kwa kuugonga. Vikucha vyake vikivunjika mashine haitawaka tena, kwa kuwa swichi ya usalama imefungwa na vikucha hivyo.

Namna ya kujua kama mashine inakamua vizuri: chukua konzi moja ya makapi, uyaminye kwa nguvu juu ya kijiko cha chakula. Matone machache ni sawa. Kijiko kikijaa, kuna juisi inayopotea. Angalia kwanza kizibo cha raba kwenye njia ya makapi kama kimekaa sawasawa, kisha uutazame ukingo wa skrubu kama umelika. Robo kilo ya sukuma wiki, kwenye mashine iliyo sawa, itakupa takriban mililita 120 hadi 150. Wanaotarajia glasi nzima kwa fungu moja wanailaumu mashine bure.

Mashine ya kutoka Marekani

*Kaka yangu anaishi Houston na anakuja Arusha Desemba. Ameniahidi mashine ya juisi ya huko. Anasema nitanunua tu adapta ya plagi hapa. Itafanya kazi? — Msomaji, Arusha*

Mwambie kaka asubiri kidogo. Adapta inabadilisha umbo la miguu ya plagi tu, umeme unabaki uleule. Marekani nyumba zinatumia volti 120 na hezi 60. Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Ukichomeka mashine ya volti 120 moja kwa moja, itakuwa inavuta karibu mara nne ya nguvu iliyoundiwa. Utasikia ikizunguka kwa kasi ya ajabu, utanusa harufu, na fundi ataikuta waya wa mota umekuwa mweusi.

Asome kibandiko cha kitako kabla ya kununua. Kikiandikwa «100-240V 50/60Hz», hapo adapta inatosha. Hizo ni chache kwa mashine za juisi. Kikiandikwa «120V 60Hz» utahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati za mashine kwa sababu mota inapoanza inavuta zaidi: mashine ya wati 200, transfoma ya wati 500. Ni dude zito la chuma, lina bei yake, na hezi halizibadilishi. Mota yenye brashi za kaboni haijali hezi. Mota isiyo na brashi, inayofuata hezi za umeme, itazunguka pungufu kwa karibu asilimia 17 na kupata joto zaidi, kwa hiyo ipumzishwe mapema. Ongeza na spea zitakazotoka hukohuko Houston. Kwa hesabu hiyo, fedha aliyotenga ni bora aje nayo mkononi mnunue Arusha.

Wenye ndugu Muscat au Dubai hawana shida hii. Umeme wa Oman na Imarati ni wa hezi 50, volti ni za kiwango cha kwetu, na plagi ni ileile ya miguu mitatu ya bapa. Saudia ni hezi 60, kwa hiyo hapo kibandiko kisomwe.

Matunda gani hayaingii?

*Asalaam aleikum. Nimepewa mashine ya polepole zawadi ya harusi. Nimeitia embe dodo na parachichi, ikatoa uji uliotokea njia ya makapi. Pia nauliza kuhusu pasheni, ukwaju, stafeli na muwa. — Bi harusi, Likoni, Mombasa*

Aleikum salaam, mwanetu, na hongera. Embe bivu, parachichi, ndizi na papai hayana maji ya kukamuliwa. Ni nyama tupu. Hayo ni ya blenda. Ukitaka ladha ya embe kwenye juisi ya mashine, saga embe pembeni kwa blenda kisha changanya na juisi ya chungwa au nanasi iliyokwisha kukamuliwa.

Pasheni ikate, uchote kwa kijiko, uitie pamoja na kitu kingine chenye maji. Ukiitumia blenda, bonyeza na kuachia mara tatu nne tu, maana mbegu zikisagika juisi inakuwa kama ina mchanga. Ukwaju uroweke katika maji ya vuguvugu, uuvuruge kwa mkono, uchuje. Hakuna mashine hapo. Stafeli itolewe mbegu zote kabla ya kufika popote, kwa kuwa zina sumu. Chungwa limenywe ganda la nje, ule weupe ubaki kidogo, kokwa zitolewe la sivyo juisi itakuwa chungu. Nanasi limenywe, moyo wake una nyuzi, ukate vipande vidogo.

Muwa usithubutu. Zile mashine za muwa za barabarani zina magogo ya chuma. Skrubu yako ni plastiki. Barafu na matunda yaliyoganda nayo yanaipasua, vilevile kokwa za embe. Skrubu ikishapata ufa haina gundi ya kuitibu.

Sina fedha ya mashine. Blenda haitoshi?

*Nina blenda ya kawaida ya wati 500. Je, siwezi kusaga mchicha na kuchuja? — Msomaji, Iringa*

Unaweza, na kwa nyumba nyingi hilo ndilo jibu la busara. Tofauti ni kwamba blenda inahitaji maji ili isage, kwa hiyo juisi itakuwa nyepesi kidogo, na itakuwa na povu.

Kwa glasi mbili: mchicha gramu 150 (fungu moja la wastani lililochambuliwa), tango moja lililokatwa, tangawizi kipande cha sentimita 2, nusu ya limau, na maji baridi mililita 180. Tia maji na tango kwanza, saga sekunde 20 hadi iwe uji. Ndipo utie majani nusu, saga, umalizie nusu iliyobaki. Jumla isizidi dakika moja. Watu wanaanza na majani makavu chini ya kikombe. Visu vinachimba shimo katikati, majani yanaganda pembeni, mota inapiga kelele bila kusaga kitu. Wengine wanasaga dakika tatu na kinywaji kinatoka cha vuguvugu, chenye harufu ya majani yaliyopondwa.

Chuja kwa kitambaa cha melimeli kilichochemshwa, si kwa chujio la chai. La chai linaziba baada ya kijiko cha pili. Mimina kidogokidogo, kusanya pembe nne za kitambaa, sokota na kukamua kama unavyokamua tui. Kitambaa kisuuzwe papo hapo, kichemshwe, kianikwe juani. Kikilala na unyevu kitachacha, na juisi ya kesho itachacha nacho.

Au usichuje. Ukiinywa na nyuzinyuzi zake unapata kilichomo kwenye mboga zaidi kuliko mwenye mashine ya bei mara tano.

Walioko mbali na umeme wa gridi wametuuliza kuhusu sola. Mashine ya polepole ya wati 200 inaweza kuendeshwa na inveta ya wati 500 au zaidi, ila iwe inayotoa wimbi safi (pure sine wave). Inveta za bei rahisi zinaifanya mota iungurume na kupata joto. Zipo pia mashine za chuma za kuzungusha kwa mkono, zinazobanwa ukingoni mwa meza. Kwa majani ni nzuri kabisa, kwa karoti mkono utakuambia.

Utando mweupe, rangi ya machungwa na kuvuja chini

*Mashine yangu ina miezi kadhaa. Chujio limeshika utando mweupe usiotoka kwa sabuni, plastiki imekuwa rangi ya machungwa, na sasa juisi inavuja chini ya bakuli. — Msomaji, Morogoro*

Tuanze na kuvuja, maana huenda ni kazi ya sekunde moja. Geuza bakuli. Chini yake kuna ulimi wa raba unaofunguliwa wakati wa kuosha ili makapi yaliyobanwa yatoke. Ukisahau kuurudisha, juisi inapita hapo. Kama umefungwa na bado inavuja, toa pete ya raba iliyo katikati, pale mhimili unapopita. Mara nyingi imewekwa kichwa chini miguu juu, au imekatika. Usiendelee kuitumia ikivuja hapo: juisi inashuka moja kwa moja kwenye gia na mota.

Utando mweupe ni madini kutoka kwenye majani na maji ya bomba. Sabuni haiuwezi, unataka kitu chachu. Changanya siki nyeupe kikombe kimoja na maji ya vuguvugu vikombe vitatu, loweka chujio kwa saa moja, sugua kwa mswaki kutoka nje kuelekea ndani, kisha kutoka ndani kuelekea nje. Liinue dhidi ya mwanga. Kila kitundu kipitishe mwanga; vilivyoziba ndivyo vinavyolowesha makapi. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili kama unakamua majani kila siku.

Rangi ya karoti inayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Paka mafuta ya kupikia kwa kitambaa, acha dakika chache, futa, kisha osha kwa sabuni. Usitumie maji yanayochemka: chujio na bakuli vikipinda hata kidogo havikai tena mahali pake. Maji yasizidi yale mkono unayoyavumilia.

Ukishamaliza kukamua, mimina glasi ya maji mashine ikiwa inazunguka, halafu ifungue na kuiosha saa hiyohiyo. Makapi ya mchicha yakikauka kwenye wavu yanashika kama saruji. Kama huna dakika tano za kuosha asubuhi, kamua usiku.

Mtoto, mgonjwa wa kisukari, na mzee wa dawa za damu

*Nyumbani tuna mtoto wa miezi kumi, mama mwenye kisukari, na baba anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Wote wanataka juisi. Na kisamvu kinaweza kukamuliwa? — Msomaji, Mwanza*

Kisamvu kibichi hapana, hata kijiko. Kina viini vinavyozalisha sianidi jani likisagwa, na kutwanga pamoja na kuchemsha vizuri ndiko kunakokifanya kiliwe. Mashine haichemshi kitu.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe juisi. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 unasema hivyo, na kwa wa miaka 1 hadi 3 unaweka kikomo cha mililita 120 kwa siku. Mpe tunda lililopondwa.

Kwa mama: glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa ina sukari gramu 20 hivi, na nyuzinyuzi za kuipunguza kasi zimebaki kwenye makapi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongeza. Juisi yake iwe ya tango, figili na majani, limau la ladha, bila karoti nyingi wala biti, na aipime sukari yake baada ya kunywa mara za mwanzo.

Kwa baba, majani ya kijani yana vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya warfarin. Hatari ni kubadilisha ghafla: leo glasi mbili za sukuma wiki, kesho hakuna. Asianze kabla ya kuongea na kliniki inayompima damu. Mwenye ugonjwa wa figo au aliyewahi kuwa na mawe ya figo naye asikamue mchicha, spinachi wala majani ya biti bila ushauri. Yana oksaleti nyingi, kiini kinachoweza kuunda mawe kwenye figo, na madaktari wameshaandika visa vya figo kuharibika kwa juisi za namna hiyo. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo. Hata mzima abadilishe majani, asishikilie mchicha kila siku.

Na kwa wote: juisi hainusi moto, kwa hiyo uchafu wa shambani unafika tumboni. Tenganisha jani moja moja, osha kwa maji yanayotiririka, suuza mara ya mwisho kwa maji salama ya kunywa. Mboga zilizomwagiliwa maji ya mto unaopokea majitaka zipikeni tu. Juisi ijazwe chupa hadi shingoni, iwekwe kwenye friji, inywewe ndani ya saa 24; ya polepole yenye limau inaweza kufika siku mbili. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, imwagwe.

Mashine ya mtumba

*Nimeona mashine ya polepole iliyotumika, bei nzuri. Nikague nini? — Msomaji, Zanzibar*

Nenda na karoti mbili na fungu la mchicha mfukoni. Kwanza iwashwe tupu kwa dakika mbili: sauti iwe ya mfululizo, bila kugongagonga, na isiwe na harufu ya kuungua. Zima, gusa pembeni. Ikiwa ya moto baada ya dakika mbili tu, iache. Toa skrubu, pitisha kucha kwenye mikunjo yake ukitafuta ufa, na uangalie kitako chake cha pembe sita: pembe zikiwa zimeviringika, itateleza mzigo ukizidi. Lishike chujio juani. Vuta raba zote, isiwepo iliyogandamana au kukosekana. Muuzaji akikataa ujaribu na mchicha, chukua karoti zako urudi nazo nyumbani.